Bahari Haikuwepo

Mwaka 1989, likizo ya Juni, nilipelekwa Tanga kwa mjomba. Nilikuwa darasa la tano, na maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni yale ya ndiva, bwawa la kijijini kwetu Upareni ambamo tulikinga maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Kwetu maji yalikuwa na ratiba na yalikuwa na wazee wa kuyasimamia. Aliyefungua kabla ya zamu yake alitozwa faini, na wanawe wakazomewa shuleni.

Kutoka Same basi lilikula mchana mzima. Tulipoipita Mombo mkonge ukaanza, mistari kwa mistari hadi macho yanachoka, mashamba mengine yakiwa tayari yameanza kumezwa na vichaka. Mjomba mwenyewe aliteremkia huko kwanza, akawa karani wa kuhesabu mafungu ya majani yaliyokatwa, kabla hajapata kazi bandarini. Alipenda kusimulia kwamba mkonge wote ule ulitokana na miche 62 tu iliyofika hai mwaka 1893, ilipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Alivyokuwa akiitaja hiyo 62, ungedhani aliihesabu yeye.

Tuliingia mjini magharibi. Nyumba ilikuwa Ngamiani, kule ambako mitaa haina majina bali namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea mpaka zaidi ya ishirini. Yetu ilikuwa ya Kumi na Nne. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma na baraza mbele. Mkaza mjomba, Mdigo wa kuzaliwa hapohapo, alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Waja leo, waondoka leo?"

Nikaangalia mfuko wangu, nikamwangalia mjomba. Machozi yakanilenga. Basi zima lile, kumbe natakiwa kurudi usiku huuhuu! Mkaza mjomba aliuacha mchele akacheka hadi jirani wakatoka kuuliza kulikoni. Mjomba ndiye aliyenieleza kwamba huo ni msemo wa Tanga, na kwamba maana yake ni kinyume chake: mgeni huja akisema naondoka leo, halafu haondoki. "Mimi nilikuja kwa wiki mbili," alisema, "mwaka 1971."

Asubuhi niliamka kabla ya kuku. Bahari nilikuwa nimeinusa usiku, harufu ya chumvi na ya kitu kama majani yaliyooza, na sikutaka kungoja chai. Binamu yangu, tuliyelingana umri ila yeye alinizidi kila kitu kingine, alinipeleka kwa miguu mpaka ufukweni upande wa Sahare. Tulipofika nikasimama.

Bahari haikuwepo.

Palikuwa na tope la kijivu, kisha mchanga, kisha tope tena, mpaka mbali. Ngalawa zimekaa chini kama ng'ombe wanaocheua. Mashua moja imeegemea ubavu, na kuku, kuku kabisa wa mtu, anachakura chini yake. Kaa wadogo wekundu walikuwa wametapakaa kote, na nilipoinua mguu wote wakazama mashimoni kwa pamoja. Mbali kule wanawake wameinama na vikapu wakitafuta chaza. Nilitembea mpaka nilipoona wanapotembea wao, nikarudi, nikamuuliza binamu yangu kwa hasira bahari yenyewe iko wapi.

"Imekwenda," alisema. "Itarudi alasiri."

Nikadhani ananichezea kama mama yake. Lakini alasiri tuliporudi, palepale pa kuku palikuwa na maji ya kunifika shingoni, ngalawa zimeamka zinacheza, na wale kaa sijui wamehamia wapi. Sijapata tena kushangaa namna ile. Nilimuuliza mjomba nani huyafungua. Alinielewa mara moja, maana naye alikulia pembeni mwa ndiva. Aliniambia hayafunguliwi na mtu. Hujaa na kupwa mara mbili kila siku, kila siku yakichelewa kidogo kuliko jana, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Mimi nilikuwa nimefika siku ya bamvua.

Kuanzia hapo niliuelewa mji ule. Huko kwetu mtu akikuambia njoo saa tisa, saa tisa uwe umefika. Tanga watu walikuwa na saa mbili, ya ukutani na ya maji, na jambo lolote la raha lilifuata ile ya pili. Mpira, kuogelea, kuvua kwa mishipi, hata kutembelea wagonjwa wa ng'ambo ya mkono wa bahari, kwanza mtu aliuliza: maji je?

Mpira hasa. Mwaka mmoja nyuma, 1988, Coastal Union walikuwa wametwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na Tanga bado ilikuwa ikitembea kifua mbele. Kila mtoto wa barabara yetu alikuwa Coastal, Wagosi wa Kaya, isipokuwa wale ambao nyumba zao zilikuwa za African Sports, na hao hawakubadilika hata kwa ubingwa. Nyumba yetu ilikuwa imegawanyika: mjomba Coastal, mkewe Sports. Ukitaka nyongeza ya wali, ilibidi ujue unakula mbele ya nani.

Mkwakwani, uwanja wao mkubwa, niliuona kwa nje tu, nikiwa nimepakiwa kwenye karia ya baiskeli ya mjomba. Mpira niliocheza mimi ulikuwa wa ufukweni, maji yakipwa. Barabara ya Kumi na Nne dhidi ya Kumi na Tano, chandimu ya makaratasi na mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ya katani, magoli ya fito za mkoko. Goli moja lilikuwa upande wa nchi kavu, la pili upande wa bahari, na kura ya kuchagua goli ilikuwa nusu ya mchezo. Hapakuwa na kipindi wala filimbi. Maji yalianza kurejea taratibu, utando mwembamba tu unaong'aa, na kipa wa goli la chini ndiye aliyeyaona kwanza. Yakamfika kwenye vifundo vya miguu, yakampanda, huku washambuliaji wetu wakichapa maji badala ya mpira. Aliyekuwa nyuma kwa mabao alipiga kelele kwamba bado, bado kidogo. Chandimu ilipoelea, mechi imekwisha, na hakuna aliyebishana na mwamuzi yule.

Baiskeli nayo nataka niiseme. Sijaona mji wenye baiskeli kama Tanga ya siku hizo, ardhi ilivyo bapa. Kwetu milimani baiskeli ilikuwa chombo cha kusukuma. Pale niliona mama mtu mzima, baibui kalikunja vizuri, kapu la samaki mbele na mtoto nyuma, anapiga kengele anapita zake bila haraka. Hakuna aliyegeuka kumtazama isipokuwa mimi.

Jumapili moja maji yakijaa, mjomba alinipeleka Raskazoni kujifunza kuogelea. Kazi ilikuwa si kuogelea bali kuacha kupigana. Nilikuwa nikirusha mikono kama niliyevamiwa. "Maji si adui," alisema, kiganja chake chini ya mgongo wangu. "Kaa kama umekaa barazani." Masikio yakazama, kelele zote zikakatika, nikabaki na mbingu na sauti ya kitu kinachotafuna mawe huko chini. Sijui kiganja aliondoa lini.

Tulipokuwa tukijikausha alinionyesha ufukwe ule ndipo Waingereza walipoteremsha majeshi yao kutoka India mnamo Novemba 1914, maelfu kwa maelfu, kuja kuunyakua mji kwa Wajerumani waliokuwa wachache mno kuliko wao. Wakashindwa vibaya. Kwa masimulizi ya mjomba, walioshinda si Wajerumani, ni nyuki, waliotoka mizingani risasi zilipowachokoza. Nilivyokuja kusoma ukubwani, nyuki hawakubagua, waliwauma wa pande zote mbili. Mjomba hakutaka kusikia hilo. Kwake nyuki wa Tanga walikuwa na upande.

Mapango ya Amboni tulikwenda pia. Giza, popo, kurunzi, na kiongozi anayeapa kwamba mbwa aliingia humo akatokea Mombasa. Watu husifu sana mapango hayo. Mimi nilitaka kurudi kwenye maji.

Usiku uliobaki kichwani ni mmoja, wa harusi Barabara ya Kumi na Sita. Turubai limefungwa kuvuka mtaa, na kikundi cha taarabu kimekaa kwenye viti vya kukodi. Niliyoyajua mimi kama taarabu ni yale ya redioni, ya Unguja, yenye fidla nyingi na heshima nyingi. Hapa palikuwa na magitaa na gitaa la besi linalogonga kifuani, mtindo ambao Tanga ilijulikana nao tangu enzi za Black Star na Lucky Star, vilabu alikoanzia kuimba Shakila binti Said. Wanawake walikuja mbele kutuza, noti mkononi, mwendo wa kuhesabiwa, na kila ubeti ulipofika mahali fulani mmoja wao aliinuka kana kwamba ametajwa jina. Mkaza mjomba aliinuka mara mbili. Ya kwanza alitabasamu. Ya pili alimpitia mwanamke mmoja karibu sana, akamwekea mwimbaji noti huku anamtazama yule mwanamke. Njiani nilimuuliza yule ni nani. "Shabiki wa Coastal," alisema, na mjomba akakohoa.

Siku ya kurudi nilifungiwa samaki wa ng'onda, kashata za nazi, na chupa ya soda iliyojaa maji ya bahari ambayo niliyachota mwenyewe, nikaiziba kwa gunzi. Njia nzima niliishika mapajani. Nyumbani niliiweka dirishani, nikachora mstari wa mkaa pale maji yalipoishia, maana nilitaka kuona kama yatakumbuka. Asubuhi nilikagua: palepale kwenye mstari. Jioni, palepale. Watoto wa jirani walikuja kutazama bahari wakaondoka wamenuna.

Siku ya tatu nilipotoka shambani mchana maji yalikuwa yameshuka chini ya nusu. Nilipiga yowe hadi ndivani wakanisikia. Yamepwa! Nikamkimbilia bibi jikoni kumweleza habari za mwezi na bamvua, na kwamba asihofu, alasiri yatarudi.

Bibi alikuwa anakoroga makande. Akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Chumvi ilikuwa imekwisha," alisema.