Bi Harusi na Chuma: Miezi Minne Yetu Jimu



Kila Shaaban inapokaribia, na tena Mfunguo Mosi ukiandama, maswali tunayoletewa na mabibi harusi watarajiwa huwa yale yale. Nipungue vipi kwa wiki tatu? Tumbo litaondoka kabla sijavaa gauni? Chai gani inakausha haraka? Hajatokea hata mmoja akatuuliza: nifanye nini niwe na nguvu? Basi leo tunajibu swali ambalo hatukuulizwa, kwa sababu jibu lake tumelipata kwa jasho, na kwa sababu binti wa ami yetu nusura aingie kwenye ndoa akiwa mgonjwa.

Tulikuwa watatu, sisi ndugu wawili na huyo binti wa ami, aliyekwishaposwa na harusi yake imebaki miezi minne. Lakini si harusi iliyotutoa nyumbani, ni Mama. Mama yetu hajatimiza miaka 60, na tangu mwaka juzi anasali juu ya kiti. Hakuvunjika wala hakupooza. Daktari alimpima magoti, akamwambia misuli ya mapaja imelegea mno, kwa hiyo kila akiinuka mzigo wote unayaangukia magoti. Mama alisema Alhamdulillah, dini ni nyepesi na kiti kimeruhusiwa. Lakini usiku tulimsikia akilia chumbani. Alikuwa anatamani kuweka paji la uso chini.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza na kusoma. Kumbe tokea miaka ya 30 hivi mwili huanza kupoteza misuli kidogo kidogo ikiwa haitumiki, na hedhi ikishakoma mifupa ya mwanamke nayo hudhoofika kwa kasi zaidi. Misuli ikipewa mzigo huvuta mfupa, na mfupa ukivutwa hupata sababu ya kubaki mgumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na zile dakika 150 za kutembea kwa haraka au mfano wake. Hiyo ya kutembea hapa kwetu tumeishika vizuri, mashaallah. Vikundi vya mazoezi vinajaa barabarani asubuhi, na mwaka mpya ukiingia ndiyo usiseme. Ile ya misuli ndiyo hatuizungumzi, hasa sisi wanawake.

Jimu tuliyoipata ina saa za wanawake, saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana, siku tatu kwa wiki. Mlango unafungwa, pazia linashushwa, simu zinabaki mezani kwa dada wa mapokezi. Hilo la simu tulilishukuru kuliko mashine zote. Dada yetu, kabla hujatoa pesa yako uliza: ufunguo anao nani? Kuna kamera za ulinzi mle ndani, na nani anaziangalia? Usione haya, ni haki yako. Sisi tunavaa suruali pana, fulana ndefu ya mikono, na kilemba kilichobana kichwani kisichoning'inia, kwa maana ncha ya mtandio ikiingia kwenye mashine ni balaa.

Siku ya kwanza mwalimu wetu, mama wa watoto wanne, hakutupa chuma. Alitupa mti wa ufagio. Akatuamrisha tuushike kwa nyuma, uguse kisogo, mgongo na makalio, halafu tuiname bila ya mti kubanduka popote. "Sukumeni makalio nyuma, kama mnafunga mlango na mikono imejaa masinia," alisema. Tulicheka mpaka machozi, lakini wiki mbili nzima kazi ilikuwa hiyo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa ndoo iokotwe na mtoto anyanyuliwe, kwa nyonga na mapaja, na uti wa mgongo umenyooka. Miaka yote tumekuwa tukiokota kwa kukunja mgongo kama ndoana, kisha tunalalamikia kiuno.

Baadae zikaja nyengine, na kwa ukweli si nyingi. Kuchuchumaa mpaka mapaja yakaribie kulingana na sakafu na kuinuka. Kunyanyua chuma kutoka chini. Kusukuma, tukianza na pushapu za ukutani, kisha za kwenye benchi. Kuvuta kamba ya mashine kuja kifuani. Na kutembea tu na kitu kizito kila mkono, kama unatoka Darajani na vikapu viwili. Seti 3 kwa kila zoezi, mara 8 mpaka 12, na uzito uwe ule ambao mara mbili za mwisho unakunja uso lakini umbo la mwili haliharibiki. Siku ya mazoezi ikipita, siku inayofuata unapumzika, kwa sababu misuli hujijenga ukiwa umelala na umeshiba, si ukiwa pale jimu. Maumivu ya siku ya pili ni makali kuliko ya siku ya kwanza, msitishike. Maumivu ya kiungo, yale ya kuchoma kama sindano gotini au begani, hayo ndiyo ya kusimama na kumwita mwalimu.

Kila mmoja wetu alikuwa na daftari lake. Tulianza na dambeli za kilo 4 kila mkono. Wiki ya nane tukawa tunanyanyua kile chuma kirefu chenyewe, kilo 20, bado hakijatiwa sahani. Mwalimu alitueleza kuwa nguvu za wiki za mwanzo si misuli iliyokua, ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamsha misuli ambayo tayari tunayo. Misuli yenyewe kuonekana inataka miezi. Ndiyo maana wengi huacha mapema: wanatazama kioo, na kioo bado hakina habari.

Shangazi yetu aliposikia alikuja mpaka nyumbani. "Nyinyi mtatoka mabega ya mahamali wa Malindi. Mume gani atayataka?" Tukamjibu kwa adabu, "Shangazi, mahamali wamebeba magunia miaka ishirini, sisi tumebeba ufagio wiki mbili." Alicheka kidogo tu. Lakini khofu yake wengi wanayo, kwa hiyo tuiseme wazi. Homoni inayokuza misuli ya wanaume, testosteroni, wao wanayo zaidi ya mara 10 kuliko sisi. Mwanamke anayefanya mazoezi mara mbili tatu kwa wiki anapata mwili uliokaza na mgongo ulionyooka, na hapati mabega ya mtu mwengine kwa bahati mbaya.

Na tena, nguvu si jambo geni kwa mwanamke wa visiwa hivi. Nendeni Paje au Jambiani bahari ikikupwa, mtawaona mama zetu wanatoka na magunia ya mwani mbichi, maji yanachuruzika mpaka miguuni, na hakuna aliyewahi kuwaambia wamefanana na wanaume. Bibi zetu walitwanga kwa mchi na kinu. Sisi wa mjini maji yametufuata kwenye bomba na unga kwenye pakti, na tunamshukuru Allah kwa hilo. Hatutaki kuyasifia mateso. Wale mama wa mwani migongo inawauma, kwa sababu mzigo wao hauwaulizi leo umeamkaje. Jimu mzigo unauchagua mwenyewe, na ukichoka unauweka chini.

Sasa tuje kwa bi harusi wetu. Wiki ya tano alikuwa ananyanyua chuma kutoka chini, akashikwa na kisunzi. Mwalimu alikidaka kile chuma, akamkalisha, akampa maji na tende tatu.

"Umekula nini leo, mwanangu?"

"Chai ya rangi, mwalimu."

"Na jana?"

Akanyamaza. Jana ilikuwa matango na yai moja, na usiku sanamaki. Juzi hivyo hivyo. Sanamaki, kwa asiyejua, inaharisha. Mizani ikishuka asubuhi, kilichotoka ni maji na choo, mafuta yamebaki pale pale, na pamoja na maji hutoka chumvi ambazo moyo unazihitaji. Alikuwa akiinywa kwa mwezi mzima.

Mwalimu akamwambia hamfundishi tena mpaka aje na mama yake. Wakaja. Mke wa ami yetu ni mtu mwenye heshima zake, na aliongea bila ya kuficha: sanamaki alikuwa akiinunua yeye. Gauni limeagizwa kutoka Dubai, limekuja dogo, pesa imeshalipwa, na upande wa bwana harusi wameshaliona. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka wa mazoezi, hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Dada," mwalimu akasema, "gauni lina mshono wa kufumua. Huyu mtoto hana."

Walitoka pale wakaenda kupima. Damu ilikuwa chini. Daktari akampa vidonge vya madini ya chuma, akamkataza sanamaki, akasema mazoezi yarudi baada ya wiki tatu, na yarudi mepesi. Fundi alilifumua gauni ubavuni, akaongeza kipande cha satini cheupe ambacho hakuna aliyekigundua. Ikiwa unasoma hapa na wewe unachoka ovyo, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, na ndani ya kope pameparara, kapime damu kabla ya kunyanyua chochote. Na mwenye mimba, au aliyejifungua karibuni, azungumze kwanza na daktari au mkunga wake.

Chakula basi. Mwili haujengi misuli kwa chai na boflo. Anayenyanyua vyuma anahitaji protini kiasi cha gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 72 mpaka 96. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo yai moja na tango ni kujidanganya. Lakini tunaishi kisiwani, jamani! Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kinatoa gramu 20 na zaidi. Kuna pweza, kuna dagaa, kuna kunde na choroko na maharage ya nazi, kuna mtindi. Zile poda za makopo zinazouzwa kwa bei ya kitambaa cha harusi hatukuzinunua, na kwa anayepata samaki kila siku hatuoni haja yake. Urojo hatujauacha pia, msituulize.

Kuna hadithi ya Abu Hurayra, aliyoipokea Imam Muslim, inayomsifu muumini mwenye nguvu juu ya aliye dhaifu huku ikisema wote wana kheri. Siku hizi imebandikwa kwenye kuta za jimu nyingi. Imam Nawawi ameieleza nguvu hiyo kuwa ni azma ya nafsi katika mambo ya akhera, basi tusiifanye kuwa hadithi ya dambeli. Sisi anayetugusa zaidi ni Bibi Asmaa bint Abi Bakr, aliyesimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa akimlisha farasi wa mumewe Zubayr, akiteka maji, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba lililokuwa umbali wa theluthi mbili za farsakh, kilomita tatu na ushei. Hayo ni maisha ya ndoa, na aliyabeba kwa mwili wake. Bi harusi wa leo hufundishwa na somo wake namna ya kujifukiza udi, kujisinga na kupokea wageni. Hatuna ugomvi na hayo, tunayapenda. Tungependa na mwili wake uulizwe kama uko tayari kwa mimba, kwa kukesha na mtoto, kwa kumuinua mkwe akiugua.

Mama tunamfanyisha nyumbani. Anakaa kwenye kiti kigumu cha kulia chakula na kusimama, bila ya kushika, mara 10, anapumzika, anarudia, siku tatu kwa wiki. Mwanzo alifika mara 3 tu kwa kujishika ukuta. Sasa Fajiri anaisali kwenye mkeka. Sala nyengine bado kiti, na daktari amesema asilazimishe.

Binti wa ami yetu aliolewa akiwa amepungua kilo 2 tu kwa miezi minne, na shangazi akasema pesa ya jimu imeliwa bure. Alikaa ukumbini saa nne na gauni lile zito, dhahabu na shela, mgongo umenyooka. Amehamia Michenzani, ghorofa ya tatu, na mtungi wa gesi anaupandisha mwenyewe ngazi kwa ngazi, kwa nyonga na mapaja. Tulimwona wiki iliyopita, ana kilo zake zote na rangi imemrudi.

Kwa wale wenye harusi Mfunguo Mosi: anzeni sasa, siku mbili kwa wiki zinatosha. Ramadhani ikiingia msiongeze uzito, shikilieni mlioufikia, na msinyanyue mkiwa na saumu kali ya alasiri. Fanyeni baada ya tarawehe, mkishafuturu na kunywa maji. Mwalimu ameahidi kuwa mwezi huo saa za wanawake zitahamia usiku, saa 4 mpaka saa 5 na nusu, na wanaotaka kuja na mama zao waje nao. Viti vigumu vipo.