Jogoo Mdogo wa Singida

Msafiri atokaye Manyoni kwenda Singida hupita katikati ya mashamba ya alizeti na mtama, na mawe makubwa yaliyopandana. Mji wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Lakini huko Dodoma na Dar es Salaam, wengi huijua Singida kwa kuku wake wa kienyeji, wanaopelekwa huko kwa matenga.

Katika kijiji kimoja cha Wanyaturu, nilikokwenda kuandika majina ya wabatizwa, mama mmoja alinionyesha mitetea wake saba wa kuchi, wenye miguu mirefu. Jogoo wao alikuwa ameuzwa ili watoto wapate sare za shule. Badala yake ndugu alimpa jogoo mdogo, asiyefika hata mgongoni mwa mitetea hao.

“Majirani walinicheka, Karani,” alisema. “Wakasema huyu atauawa kabla ya jioni.”

Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama huyu alimweka mgeni wake peke yake, mbali na wenziwe, majuma matatu. Hiyo ni busara kubwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauna dawa, na dalili zake huweza kuchelewa hata siku 15. Jogoo mmoja aweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Kinga yake ni chanjo, nayo hurudiwa.

Baadaye alimfunika kwa tenga uani, mchana, ili waonane bila kupigana. Ndipo usiku mmoja akampandisha kimya kimya penye kilalio cha mitetea. Asubuhi akamwaga mtama mahali patatu, asiwepo wa kuzuia wengine.

Je, hawakumdonoa? Walimdonoa! Kila kundi la kuku lina wakubwa na wadogo wake. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliueleza mpango huo mwaka 1922. Mgeni hana budi kutafuta nafasi yake, awe mdogo au mkubwa. Mama aliwaacha, ila alikuwa tayari kumtoa kama angeona damu, maana damu huwachochea kuku wazidi kudonoa. Baada ya siku chache fujo ikatulia.

Lilibaki swali moja: je, mayai yangeanguliwa? Mama aliatamisha mayai kumi. Siku ya nane aliyamulika kwa tochi gizani, akaona mishipa myembamba myekundu katika saba. Yakitunzwa vema, vifaranga hutoka siku ya 21.

Ni kweli, watoto wa jogoo huyu huenda wasiwe na kimo cha kuchi, na sokoni kimo kina bei. Mama analijua hilo. Anaweka akiba anunue jogoo mkubwa. Lakini kwa sasa banda lake lina mbegu.

Basi, msomaji, ukiletewa kuku mgeni, usitazame kimo chake kwanza. Mtenge, mchunguze, kisha mwingize polepole.