PUMZI NDANI YA BIDONI

Sisi wa kilasi ya 5 tuna jambo la kuungama mbele yenu.

Jumamosi ya salongo, tulipokuwa tunapandisha mchanga toka mtoni, mwenzetu mmoja alikuwa anakaa chini kila safari. Tulimucheka, tukamwita mvivu. Tulijua kwamba mwaka jana aliugua kifua kikuu, lakini alimeza dawa miezi 6 yote, akapona. Basi tukamwambia: «Wewe ulipona zamani, sasa unapumzika nini?»

Mwalimu wetu wa biolojia alisikia. Jumatatu alileta bidoni ya litri 5, beseni ya maji na tiyo ya plastiki. Tulitia alama kila nusu litri, tukajaza bidoni maji, tukaigeuza kichwa chini ndani ya beseni, tukaingiza tiyo mdomoni mwake. Unavuta pumzi yote, unafunga pua, unapuliza mpaka mwisho. Hewa inapanda, maji yanashuka, unasoma alama. Kila mmoja alisafisha tiyo kwa sabuni. Njia hii inafanana na ile ya munganga John Hutchinson wa London, aliyepima watu zaidi ya 2000 na kutangaza kazi yake mwaka 1846.

Wengi wetu tulipita litri 3 na nusu. Mwenzetu alipuliza mpaka machozi yakamtoka: litri 2 tu. Akaomba kurudilia. Alama ni ile ile. Kilasi yote ikanyamaza.

Mwalimu akaeleza: dawa inaua vijidudu, lakini haifuti makovu. Penye kovu mapafu hayapanuki vizuri tena, na njia za hewa zinaweza kuharibika. Bidoni inaonyesha kiasi cha hewa, haionyeshi mwendo wake. Mashine inayoitwa spirometri inapima pia hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza. Mtu mzima mwenye afya anatoa karibu robo tatu ya pumzi yake au zaidi. Ikitoka kidogo, pengine njia zimekuwa nyembamba. Ndivyo waganga wanavyofuata watu wenye pumu, hata wenye mukovisidozi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito.

Kumbe macho yetu hayakuona kitu! Tulimwomba radhi. Alisema tusimuhurumie, tumwache tu apumzike kidogo njiani.

Ndugu wanafunzi, hujafa hujaumbika. Kabla ya kumwita mwenzako mvivu, umuulize kwanza juu ya pumzi yake.