Yavuja, Yatona au Yachuruzika?

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuhusu ufa usioonekana hawakutuachia neno. Agosti ya mwaka 2023 nilitumia siku nne nikiutafuta ufa wa namna hiyo katika gari la baba yangu, nyumbani kwetu viungani mwa mji wa Nyahururu, na nathubutu kusema kwamba muhula mzima wa semantiki haukunifunza niliyofunzwa na siku hizo nne.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, la aina iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, jambo ambalo hakuna abiria wa Baba aliyewahi kushuka bila kuelezwa. Alilinunua likiwa limekwisha kutumika, siku alipokuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili, na sote watoto wake tulipelekwa bweni ndani yake, masanduku yakiwa yamefungwa juu kwa kamba. Sasa Baba haoni. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ilimnyang'anya nuru polepole, kutoka pembeni hadi katikati, na daktari alitueleza kinagaubaga kuwa neva ya jicho ikishakufa haifufuki. Hata hivyo kila asubuhi Baba hutoka na fimbo yake, akalipapasa gari kuanzia taa hadi buti, kisha akarudi kunywa chai.

Halafu gari likaanza kuchemka. Fundi mmoja mjini alilitazama, akatangaza kuwa rejeta imetoboka, akaichomelea kwa risasi na kututoza pesa ambazo sitazitaja kwa kuwa Mama huenda akausoma ukurasa huu. Fauka ya hayo, aliing'oa themostati akatukabidhi ikiwa imefungwa katika gazeti, akidai kwamba kidude hicho ni cha nchi za baridi. (Aliyasema haya Nyahururu, mwezi wa Agosti, akiwa amevaa makoti mawili.) Baada ya wiki moja maji yalikuwa yakipungua vilevile. Kaka yangu mkubwa, ambaye ana busara ya watu wenye hesabu, akatuita kikao cha nyumbani na kupendekeza gari liuzwe kama chuma chakavu. Mnunuzi angefika Jumamosi na mizani yake. Baba hakusema lolote. Aliuliza tu, "Litauzwa kwa kilo?" Alipoambiwa ndivyo, alinyamaza tena.

Usiku huo sikulala vyema. Siku ya pili, Jumanne, niliiweka kando tasnifu yangu nikamwendea alipokuwa ameketi kibarazani, nikamwambia kuwa nitalitengeneza mwenyewe.

"Wewe?" akauliza. "Unajua nini kuhusu gari?"

"Sijui kitu, Baba. Wewe unajua."

"Mimi sioni."

"Mimi naona."

Akacheka kidogo, cheko langu la kwanza kulisikia kutoka kwake tangu kikao kile, akaagiza kigoda chake kipelekwe kando ya gari.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Niliinua boneti, nikainama, nikaona majimaji chini ya injini, nikaripoti: "Baba, maji yanavuja."

"Hata paa huvuja," akasema. "Hata siri huvuja. Nakuuliza: yavuja, yatona au yachuruzika?"

Nikakodoa macho. Nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa zaidi ya sabini juu ya taswira katika riwaya ya Kiswahili, lakini swali la baba yangu liliniweka uchi. Kutona ni tone moja likisubiri jenzake. Kuchuruzika ni uzi mwembamba usiokatika. Kutiririka kuna wingi na mwendo. Kububujika kunatoka ndani kwa nguvu. Kufoka ni hasira ya kitu kilichobanwa kikapata mwanya. Kwangu mimi hivyo vilikuwa visawe vya kupambia sentensi. Kwa Baba kila kimoja kilikuwa ugonjwa mbalimbali wenye dawa yake. Kutona kunatoka kwenye kiungo kilicholegea. Kuchuruzika kunatoka kwenye mpira uliopasuka. Kufoka kwenye kifuniko kungemwambia kuwa gasketi imeungua, na hapo angemwacha kaka yangu aite mizani.

"Yatona," nikasema hatimaye.

"Rangi?"

"Kama strungi."

"Hiyo ni kutu. Fundi wako alitia maji ya mfereji matupu. Harufu?"

"Hakuna."

"Bila shaka. Kulanti hunukia utamutamu. Na ukiinunua usiiache wazi, mbwa huulamba utamu huo akafa."

Msomaji huenda akajiuliza kwa nini matone machache yaitishe kikao cha ukoo. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji yaliyo wazi sufuriani huchemka yafikapo takriban nyuzi 92 za Selsiasi, hayangoji 100. Injini nayo hufanya kazi katika joto lisilo mbali na hapo. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke ni kufungiwa: kifuniko chenye springi huyabana, nayo yakibanwa huvumilia joto linalopita hata nyuzi 100. Penye tundu la ukubwa wa sindano mbano huo hupotea, maji hugeuka mvuke, na silinda hedi ya gari hili, ambayo ni ya alumini, hupinda. Nilimweleza Baba kwa madaha kwamba istilahi ya wanafizikia ni kanieneo. Aliliviringisha neno hilo kinywani, akalikubali kuwa limeundwa vizuri, kisha akasema, "Sisi tulisema presha. Hiyohiyo iliyozidi machoni pangu ndiyo gari limeikosa." Sikupata la kujibu.

Matone yalikuwa yakianguka nyuma ya injini, ilhali rejeta iko mbele. Kwa hiyo risasi ya fundi ilikuwa imeziba mahali pasipo na kosa. Lakini yalikotoka hasa hapakuonekana. Nilipapasa mpira wa juu, mpira wa chini, pampu ya maji na kila klipu niliyoifikia, vyote vikavu. Baba alinionya kuwa maji ni mwongo: hutokea hapa, yakatambaa chini ya bomba, yakaangukia kule. Akaniuliza kama bado kuna chaki nyumbani.

Zilikuwapo, boksi zima, tangu alipostaafu. Alizisaga mwenyewe kwa chupa juu ya sinia, taratibu, vumbi jeupe likimganda mikononi kama zamani. Jioni, injini ilipopoa, niliipangusa mipira yote nikaipuliza unga huo hadi sehemu ya ndani ya boneti ikawa kama kinu cha posho. Chini nikatandaza kadibodi. "Uamke kabla ya jua," akaniamuru.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka, nikavaa kabuti lake, nikachukua tochi. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Na pale nyuma kabisa, kwenye mpira mdogo upelekao maji ya moto kwenye hita, penye ukuta utenganao na chumba cha dereva, nikauona mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Ulikuwa mwembamba kuliko wino wa kalamu. Klipu kuukuu ilikuwa imeula mpira hadi ukachanika kwa chini. Nilikimbia kumwamsha Baba, kumbe alikuwa amekwisha kuamka, ameketi kitandani na viatu miguuni.

"Utazame tena saa nne," akasema. Nilipowasha injini ikapata joto na kurudi kutazama, mpira ule ulikuwa mkavu! Joto huuvimbisha, ukajiziba wenyewe. Baridi huunyweza, ukafunguka. Fundi yule aliliona gari mchana, likiwa moto, na kwa hakika hakuona kitu. Nimempunguzia lawama tangu siku hiyo, ingawa si kwa habari ya themostati.

Matengenezo yenyewe hayana mengi ya kusimulia. Nilikwenda mjini na kipande cha mpira wa zamani mfukoni ili nipate wenye tundu la kipimo kilekile, nikanunua na klipu mbili na lita kadhaa za kulanti. Nilisugua ncha za bomba kwa msasa, nikavisha mpira mpya, nikakaza klipu kwa bisibisi hadi Baba, aliyekuwa akisikiliza mlio wa skrubu, aliposema, "Basi! Ukizidisha utaukata kama mwenzake." Rejeta tuliisuuza mara tano hadi maji yakatoka meupe.

Themostati ndiyo iliyoleta ugomvi, kwani Baba alisema lazima irudi, na kabla ya kurudi ipimwe. Kipimo ni kuitia katika sufuria ya maji jikoni na kungoja. Mama alipoikuta ikielea juu ya jiko lake alitaka kujua ni mboga gani. Tulipomweleza alitangaza kuwa sufuria hiyo haitarudi tena jikoni, na hadi leo haijarudi. Lakini kabla maji hayajachemka kidude kilijifungua mdomo polepole, kama kifaranga, na nilipokitoa kikajifunga. Kilikuwa kizima. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake, nayo injini ibakiayo baridi hunywa petroli nyingi na kuchakaa haraka, huku kwetu kuliko hata pwani.

Tulichanganya kulanti nusu kwa nusu na maji safi, tukafungulia hita hadi mwisho, tukamimina kidogokidogo injini ikinguruma, mimi nikiminya mipira ili hewa iliyonaswa itoke. Baba aliyahesabu mapovu kwa sikio. Yalipokoma akasema, "Funga."

Mnunuzi alifika Jumamosi na mizani yake. Alikunywa chai, akaondoka na jembe lililovunjika na mabati matatu. Kaka hakusema kitu, ila alilizunguka gari mara mbili na kupiga teke gurudumu. Alasiri nilimpakia Baba tukateremka hadi bonde la Subukia na kuupanda ule mwinuko tukirudi, yeye akiuliza kila baada ya kona, "Mshale uko wapi?" nami nikijibu, "Katikati, Baba." Sijui aliuliza mara ngapi. Sikuchoka kujibu.

Usiku nilitandaza kadibodi mpya. Alfajiri nilimkuta amenitangulia, amepiga magoti katika umande na mkono umeingia chini ya gari, anaipapasa kutoka pembe hadi pembe.

"Pakavu," nikasema.

"Ngoja." Alitoa kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. "Na hii?"

Nikamulika kwa tochi. "Hiyo ni oili, Baba."

"Yatona au yachuruzika?"

Nikarudi ndani kulichukua kabuti.