Pale maneno yanapokwisha: Edda Moser na noti ya hezi 1,568

Leo naomba tuziweke kando seva na hifadhidata. Nataka kuandika kuhusu mwanamke mmoja anayeimba. Msikimbie, hesabu zitakuwepo.

Mwanamke huyo ni Edda Moser, soprano aliyezaliwa Berlin mwaka 1938. Huenda jina ni geni kwako, lakini hakuna mwimbaji wa opera ambaye sauti yake imefika mbali kama yake: imo katika ile sahani ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977, akiimba aria ya Malkia wa Usiku ya Mozart. (Katika sahani hiyo hiyo wamo wasichana wa Kimbuti wa Kongo, na salamu kwa Kiganda. Salamu kwa Kiswahili hakuna! Hilo tutaligombania siku nyingine.)

Ila mimi nimekuja na rekodi yake nyingine, ya "Popoli di Tessaglia", aria ya tamasha ya Mozart yenye nambari K. 316. Kwa asiyezoea maneno haya, aria ni wimbo wa mtu mmoja na okestra, na kwa kawaida huwa ndani ya opera. Aria ya tamasha haina opera ya kuibeba. Mwimbaji anasimama mbele ya okestra bila vazi la malkia, bila pazia, bila mwenzake wa kujibizana naye, na hapo hapo akuaminishe kwamba dunia yake inaanguka.

Katika wimbo huu ni Alceste, malkia wa Tesalia, ambaye mumewe mfalme yu mahututi. Anawahutubia raia wanaolia, kisha anawageukia miungu. Haombi wamwondolee mzigo wote, anaomba chembe ya huruma tu. Mozart aliuanza Paris katikati ya mwaka 1778, akaumaliza Munich tarehe 8 Januari 1779. Mwaka huo huo wa 1778, Julai 3, mama yake alifariki huko huko Paris. Sitadai kwamba kila noti ni kilio cha mama. Wapenda muziki tuna tabia ya kuunganisha mambo kirahisi. Aliuandika kwa ajili ya Aloysia Weber, binti ambaye hakuwa amefika hata miaka 20, aliyempenda na ambaye baadaye alimkataa. (Mwaka 1782 akamwoa mdogo wake, Constanze. Haya, maisha.)

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe.

Hapa Embu nikiwapigia wenzangu wa kwaya rekodi hii, jibu huwa moja: sauti ni kali kweli, lakini anasema nini? Swali ni la haki. Kwetu wimbo ni maneno. Mtu aliyepitia mashindano ya muziki ya shule anakumbuka waamuzi walivyokata alama za matamshi. Lakini swali hilo limeanza kuumiza watu. Tunaye binti wa miaka kumi na saba mwenye sauti nyembamba inayopanda bila kutokwa jasho, naye ameambiwa ahamie sauti ya pili kwa sababu "huko juu hatusikii maneno". Mimi najibu kwamba huko juu hakuna binadamu anayeweza kusikika maneno. Hata Moser. Ni fizikia.

Sikilizeni. Koo likitetema mara 200 kwa sekunde, halitoi mtetemo mmoja tu. Hutoa 200, 400, 600, 800 na kuendelea, kama nguzo zilizopandwa kwa umbali sawa. Mdomo na koromeo ni kama mtungi: huzipa nguvu baadhi ya nguzo na kuzififisha nyingine, na sikio hutambua vokali kwa kuangalia vilima viko wapi. "I" ina kilima chake cha kwanza karibu na hezi 300. "A" ya mwanamke iko kwenye 800 au 900 hivi.

Noti ya juu kabisa katika aria hii, ambayo Mozart anaidai mara mbili, ni hezi 1,568 kwa vipimo vya leo. Nguzo ya kwanza iko 1,568, ya pili 3,136, ya tatu 4,704. Chini ya 1,568 hakuna kitu. Ni sawa na kutaka kuchora barabara ya Embu hadi Meru kwa kupanda nguzo tatu tu: Embu mjini, Chuka, na Meru mjini. Mtu akiutazama mchoro wako hatajua kama kuna bonde la Thuci, wala lile la Nithi. Mabonde yapo, ila hukupanda nguzo ndani yake. Ndivyo "i" na "a" zinavyogeuka kitu kimoja huko juu. Mswidi Johan Sundberg alilipima jambo hili miaka ya 1970, akaonyesha pia kwamba masoprano hufungua taya kadiri wanavyopanda, ili mlio wa mdomo ufuate noti. Ule mdomo mpana tunaoucheka kwenye video ni uhandisi.

Mozart hakuwa na spektogramu, ila alijua. Maneno mazito ameyaweka mwanzoni, chini, mahali ambapo malkia anakaribia kuzungumza. Juu anamwachia mwimbaji vokali ndefu tu, na obo na fagoti zikimsindikiza mpaka obo yenyewe inabaki chini. Kwa hiyo kumpima soprano kwa matamshi pale kileleni ni kama kumlaumu samaki kwa kutopanda mti.

Basi tumpime kwa nini? Kwangu, kwa swali moja: aliye juu ni yule yule aliyekuwa chini? Waimbaji wengi wepesi wakikaribia kilele hubadilika. Malkia aliyekuwa analia anatoweka, anakuja ndege. Unapiga makofi, lakini umesahau kwamba kuna mtu anakufa. Moser sauti yake ina chuma ndani. Anaanza chini kwa uzito wa mtu anayejilazimisha kusimama, na uzito ule anapanda nao. Noti ile inatoka na makali kidogo, karibu na uchungu, na hailainishi. Edita Gruberova, aliyefariki mwaka 2021, pia aliiimba, na kwa usafi wa noti pengine anamshinda. Mimi nabaki na Moser.

Wala si jambo geni kwetu hilo la sauti ya juu isiyo na neno. Mama wa Kimeru akipiga vigelegele ng'ambo ya bonde, hakuna anayeuliza amesema nini.

Nilijaribu kumsikilizisha shangazi yangu wa Nkubu, ambaye ameongoza sauti ya kwanza kanisani kwao kwa miaka mingi. Kwanza kwa simu, yeye akiwa na mulika-mwizi yake. Matokeo yalikuwa mabaya na yanaelezeka. Laini ya 2G huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na kwa kawaida mlango unafungwa karibu na hezi 3,400. Zaidi ya hapo, kodeki ya simu haitumi sauti yenyewe, hutuma maelezo ya jinsi koo linavyotetema, na hutafuta mtetemo huo kati ya hezi 55 na 450 hivi. Moser yuko zaidi ya mara tatu juu ya mpaka huo. Kwa maneno mengine, simu haiamini kwamba huyu ni mtu. Shangazi naye hakuamini. "Hiyo ni filimbi imeharibika?" akauliza.

Nilipofika Nkubu nikamvisha spika za masikioni, faili ikiwa WAV, haijagandamizwa. Sikumwambia hadithi. Kabla hata aria yenyewe haijaanza akasema, "Huyu mama ana mgonjwa." Kwenye noti ya juu alikunja uso, akaninyooshea kidole nipunguze sauti. Wimbo ulipokwisha akakaa kidogo.

"Rudisha pale alipopiga kelele," akasema. "Nataka kujua amevuta pumzi wapi."

Tulirudisha mara nne. Amenituma nimpelekee yule binti wa Embu faili hiyo, na ujumbe kwamba asihame sauti ya kwanza mpaka wao wawili waonane.