Redio ya Kamyo na Tangazo la Kilio

Wenzangu wenye kuandika katika kitabu hiki huleta habari za mahari, za ngoma, za majina ya ukoo. Mimi naleta redio ya kamyo. Najua kuna wazee watakaosema kama redio si desturi, ni mashini ya Wazungu tu. Wangoje kidogo.

Hapa Likasi kila mtu anazijua kamyo za shaba. Zinatoka Kolwezi, zinapita kwetu, zinashuka Lubumbashi kilomita kama 120, halafu Kasumbalesa, halafu Zambia, mpaka Dar es Salaam au Durban. Shofere wa kamyo ya namna ile hana nyumba nyingine njiani. Nyuma ya kiti chake kuna kitanda. Chini ya trela, ndani ya sanduku, kuna mbabula, makala, sufuria na unga wa bukari. Ulaya watu wananunua motokari yenye kitanda na jiko ili waende kutembea wakati wa likizo. Kwetu motokari yenye kitanda na jiko ni ya kazi, na likizo yake ni foleni ya mpaka, siku tatu, siku kumi, wakati mwingine zaidi. Ndani ya nyumba ile ndogo redio ndiyo mtu wa pili.

Yaya yangu yuko katika kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Kamyo aliyoendesha muda mrefu ni Mercedes ya zamani iliyotoka Ujerumani, na redio yake ilikuwa imefungwa juu ya kioo cha mbele, karibu na kichwa cha shofere. Redio ya kaseti, yenye vifungo vya kuzungusha, FM na mawimbi ya kati. Haikuwa na uzuri wowote. Lakini ilisikia. Ukitoka Kolwezi na kuacha Fungurume nyuma, ile redio ilianza kushika sauti za Likasi mapema, kwanza kwa kukwaruza, halafu wazi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hilo ni la desturi. Zamani vijijini kifo kilitangazwa kwa ngoma. Kwa Waluba kulikuwa na kyondo, ule mti uliochongwa tumbo wazi, na mwenye kujua kuupiga aliweza kupeleka jina la marehemu na la ukoo wake mpaka kijiji cha pili, na kijiji cha pili kikapeleka kwa cha tatu. Wazee wetu walipokuja kufanya kazi Union Minière, huku Jadotville (mji ulipata jina la Likasi mwaka 1966), kyondo haikuweza kupita kelele za mashini za Panda na Shituru. Watu walitumana kwa miguu, kwa baiskeli, kwa barua. Halafu redio zilikuja karibu na watu, na hasa redio ndogo za FM za miji yetu zilipozaliwa, kazi ya kyondo iliingia mikononi mwao. Mpaka leo, saa ya matangazo, msomaji anasema jina la marehemu, anasema kilio kiko lupango gani, avenue gani, halafu anaita ukoo mmoja mmoja: wa Kambove, wa Bunkeya, wa Kolwezi, wajomba, wapwa, wakwe, wote wenye kusikia wawaarifu wengine. Mtu asiyejua anaona ni orodha ya kuchosha. Mwenye kujua anasikia ukoo mzima ukipita mbele yake. Na kwetu mtu aliyetajwa hawezi kusema hakusikia, labda awe mbali kabisa. Ni sawasawa na kyondo.

Mwaka 2011 mjomba wetu alifariki hapa Likasi, siku ya Jumanne. Katika ukoo wetu mjomba hazikwi kama mpwa wake mkubwa hajafika, na mpwa mkubwa ni yaya. Tulipiga simu usiku kucha. Yeye alikuwa ametoka Zambia siku chache mbele, na ndani ya simu yake kulikuwa bado kadi ya Zambia. Namba ya Congo ilikuwa ndani ya mfuko wa shati, nyuma, kitandani. Tulilipa tangazo kwenye redio moja ya mji, basi, kwa kutimiza desturi, hatukuwa na matumaini makubwa. Kumbe yeye alikuwa anashuka na mzigo kutoka Kolwezi, nia yake ni kupita Likasi bila kusimama, alale Lubumbashi. Alisikia jina la mjomba, halafu jina la mama yetu, halafu lake. Aliegesha kamyo pembeni ya barabara pale pale. Saa kumi na moja jioni tuliona mtu anaingia lupango na bomba la mafuta bado mkononi.

Ndiyo maana mwaka 2019 redio ile ilipokufa kabisa, nyumbani hatukuichukua kama mambo ya mchezo. Kwanza kaseti ilianza kutafuna mikanda, halafu kifungo cha sauti, mwisho kimya. Mtoto mkubwa wa yaya alishachagua nyingine sokoni: kioo kikubwa cha kugusa, Bluetooth, mahali pa kuingiza kle ya USB, picha za video. Bei dola 40. Kijana akasema: «Baba, ile ya kaseti ni ya bazee, hii iko na yote.» Yaya akauliza swali moja tu: «Inasikia mbali?» Kijana hakuwa na jibu, na muuzaji vilevile.

Swali lile ni la maana kuliko watu wanavyofikiri. Katika redio nyingi za bei ndogo, makuta yote yamekwenda kwenye kioo na taa. Kile kipande cha ndani chenye kupokea mawimbi ni cha mwisho kufikiriwa. Karibu na mnara wa redio huwezi kuona tofauti. Toka kilomita 30, katika vilima vyetu, inakuwa kiziwi. Fundi mmoja mzee wa Kikula, ambaye amefungua redio tangu siku za Zaïre, alitwambia neno nililolipenda: «Munalipa kioo, munasahau sikio.» Alituonyesha namna ya kupima: unachukua batri na antena, unafunga redio tatu moja baada ya nyingine palepale dukani, unatafuta kituo dhaifu kabisa, siyo kile chenye nguvu. Yenye kukamata kile dhaifu, njo yenyewe. Muuzaji hakufurahi, lakini alikubali. Redio iliyoshinda ilikuwa ndogo, ya kawaida, yenye USB na bila kioo cha video. Kijana alinuna siku mbili.

Kazi ya kuifunga nayo ina elimu yake, na mimi mwenye kufundisha fizikia shuleni nilikwenda kuangalia. Kamyo kubwa za Ulaya zinatembea kwa volti 24, yaani batri mbili za volti 12 zilizofuatana. Redio nyingi za sokoni ni za volti 12. Kuna mafundi wenye haraka wanaochukua umeme kwenye batri moja tu. Redio inaimba, mwenye kamyo anafurahi, analipa. Lakini batri moja inafanya kazi ya redio na nyingine imepumzika, na alternata inazijaza zote mbili kama ziko sawa. Ile moja haijai vizuri, ile nyingine inajazwa kupita kiasi. Baada ya wiki au miezi kamyo inakataa kuwaka asubuhi, tena mahali pabaya, na hakuna atakayefikiri kosa limetoka kwa redio. Dawa yake ni kisanduku kidogo cha kushusha 24 kuwa 12, kinachobeba redio peke yake. Mzee wa Kikula alikifunga nyuma ya kiti, penye hewa, kwa sababu kinapata moto.

Halafu kuna nyuzi. Ya manjano ni ya umeme wa siku zote, nyekundu inafuata ufunguo, nyeusi ni ya chasi. Ukizibadilisha ya manjano na nyekundu, redio inasahau vituo vyake kila ukizima mashini. Kumbe mengi yanayoitwa «redio mubaya» ni nyuzi mbili tu. Na jambo la mwisho, ambalo hata mimi sikulitegemea: antena. Ile ya juu ya kabini ilikuwa imeliwa na kutu kwenye shina, chuma hakigusani vizuri na chasi. Mzee alisafisha, akabadilisha waya, na kelele ikapungua nusu.

Wenye Hiace zilizotoka Japani wana taabu nyingine. Huko FM yao ilipangwa chini, kuanzia 76 mpaka 90, wakati yetu inakwenda 87.5 mpaka 108. Redio ni nzima, lakini sehemu kubwa ya vituo vyetu haivifikii. Kuna kifaa cha kuweka kwenye antena ili kushusha mawimbi, na kinafanya kazi, ila namba inayoonekana kwenye redio si ya kweli tena. Wengi wanachoka, wanaweka kle, na abiria wa basi zima wanasikia nyimbo zilezile kutoka Likasi mpaka Lubumbashi. Mimi binafsi hapo sipendi. Katika basi kilio cha mmoja kilikuwa kinasikiwa na wote, na kila mara kulikuwa mtu wa kusema: huyu ni wa kwetu.

Ilibaki kaseti. Yaya alikuwa nazo kama kumi, na moja ilikuwa ya Mwenda wa Bayeke, Jean Bosco, mtu wa gitaa wa mji wetu. Hugh Tracey alimrekodi hapahapa Jadotville mwaka 1952, na tangu hapo vidole vyake vikajulikana mpaka Nairobi na Ulaya. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia, na mashofere wa rika la yaya huitaja habari hiyo wakipita upande ule. Redio mpya haina mlango wa kaseti. Kijana, yule yule aliyenuna, alikwenda kwa vijana wenye kuingiza muziki katika simu, wakatafuta mashini ya kaseti, wakahamisha yote kwenye kle. Upepo wa mkanda unasikika bado chini ya gitaa.

Leo kijana ndiye anayekaa kiti cha pili, anajifunza kazi. Akitoka Kolwezi ana ruhusa ya kle na nyimbo zake zote. Wakishaiacha Fungurume, baba yake ananyoosha mkono bila kusema, anachomoa kle, anatafuta kituo. Kijana anapunguza mashini ili wasikie.