Televisheni ya Baba na Kompyuta Ndogo

Msomaji mpenzi, kama umepata kuingia katika nyumba za mitaa ya mashariki ya Nairobi, yamkini unakijua chumba ninachotaka kukueleza. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yangu, katika mtaa wa Mbotela, kando ya Barabara ya Jogoo. Pana kochi lililovikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa kwa mkono; pana pazia linalotenga mahali pa kukaa na mahali pa kulala; na juu ya kabati, mahali pa heshima, pana televisheni kubwa yenye kisogo kirefu. Marehemu baba aliinunua mwaka 1996, akailipia kidogo kidogo kutoka mshahara wake wa ukarani, na siku aliyoileta watoto wa mlango wa pili na wa tatu walikaa sakafuni mwetu hata saa nne ya usiku.

Mtaa wetu uliitwa kwa jina la Tom Mbotela, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama cha KAU, naye aliuawa Nairobi mwaka 1952. Nyumba zake zilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji, na vyumba vyake ni vidogo. Nasema hayo ili ufahamu kwamba kitu kikubwa kama televisheni ile hakikai mle bila ya sababu. Mwaka 2015, nchi yetu ilipoacha matangazo ya analojia na kushika ya dijitali, watu wengi walitupa televisheni za namna ile, au walizifungia ving'amuzi. Mimi na ndugu zangu tulimshauri mama aiuze ya kwake. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tumekwisha kunywa chai.

Baadaye ndipo nilipojua haja yake. Dada yetu mkubwa aliolewa mwaka 2004, na harusi ikapigwa picha za sinema. Katika sinema hiyo baba anasimama na kumuaga binti yake mbele ya watu. Baba alifariki mwaka 2009, na sisi hatuna mahali pengine popote ambapo sauti yake ilinaswa. Sinema ilitiwa katika diski ya DVD, diski ikachubuka, na mashine ya kuichezea ikafa kabla yake. Mama hakuwahi kulalamika. Alisema tu, siku moja akipepeta mchele, "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Huwezi kumrudisha baba yako katika ile televisheni yake?"

Kijana mmoja mwenye duka la kompyuta aliisoma diski ile kwa taabu, akainakili sinema katika flashi. Tangu siku hiyo diski haikusomeka tena. Sasa ningaliweza kununua televisheni mpya yenye tundu la flashi, na habari yangu ingalikwisha hapa. Lakini mama alitaka ile ile, nami, nikiri kweli, nilitaka sifa. Nilikuwa nimesoma habari za Raspberry Pi, kompyuta ya Waingereza iliyoanza kuuzwa Februari 2012, ambayo ukubwa wake unakaribiana na wa kadi ya benki. Hutiwa programu ya bure inayoitwa Kodi, nayo ikageuka kuwa ghala la sinema, nyimbo na picha, tayari kwa kuunganishwa na televisheni. Sifa yake iliyonifaa zaidi ni kwamba ile ya namna ya 3 ina tundu dogo la mviringo ambalo hutoa picha hata kwa televisheni za zamani, kwa waya wenye plagi za rangi tatu: ya manjano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti.

Niliagiza moja. Waya nilinunua mjini, katika Barabara ya Luthuli, mahali ambapo hakuna waya usiopatikana. Niliunganisha jioni ya Ijumaa, nikawasha. Skrini ilibaki nyeusi, na spika zikanguruma kama nyuki.

Chuoni tulikofunzwa ualimu, mkufunzi wetu wa sayansi alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka tukalichoka: badili kitu kimoja, kisha tazama. Jioni ile nilibadili vitu sita kwa pamoja. Nilifuta programu, nikaitia upya, nikageuza plagi, nikagusa vifungo vya televisheni, na kila nilipoona mabadiliko sikujua ni lipi lililoyaleta. Mama alitazama, akaenda kulala.

Asubuhi nilipeleka waya kwa fundi wa redio wa mtaani. Hakugusa kompyuta. Alichukua mita yake, akagusisha ncha moja kwenye plagi ya manjano na nyingine kwenye pete za ile plagi ndogo, moja baada ya moja. "Mwalimu," akasema, "huu ni waya wa kamera." Plagi ndogo ina sehemu nne, na watengenezaji hawakukubaliana juu ya mpangilio wake. Kompyuta yangu ilipeleka picha katika shina la plagi na kutumia sehemu ya tatu kwa ardhi; waya wangu ulikuwa umezigeuza hizo mbili. Alinikatia na kuunga upya kwa risasi, akakataa malipo zaidi ya bei ya chai.

Picha ikaja. Baba alionekana langoni mwa kanisa, amesimama wima, akitazama huku na huku kama mtu aliyesahau mwavuli. Mama alijongea mpaka karibu na kioo. Lakini picha haikuwa na rangi: kila kitu kilikuwa cheusi, cheupe na kijivu.

"Ile tai ilikuwa ya kijani," akasema mama. "Niliichagua mwenyewe Gikomba. Mbona umeifanya majivu?"

Hapa, msomaji, nakuomba uvumilie kidogo, maana jambo hili lina historia nzuri. Marekani ilipoidhinisha televisheni ya rangi mwaka 1953, nyumba nyingi zilikuwa tayari na televisheni zisizo na rangi, na haikufaa kuzifanya takataka. Basi wahandisi waliacha picha ya mwanga na kivuli kama ilivyokuwa, wakaifichia rangi ndani yake, juu ya mtetemo wake wa peke yake, hata televisheni isiyojua rangi isisumbuke nayo. Mfumo huo huitwa NTSC. Baadaye Mjerumani Walter Bruch alitengeneza mfumo wa PAL, ambao rangi zake hazikuharibika njiani kwa urahisi, nao ndio uliofuatwa Uingereza na, baada yake, Kenya. Katika PAL tuliyoirithi rangi hukaa juu ya mtetemo wa megahezi 4.43, katika ule wa Marekani ni 3.58. Televisheni ya PAL ikipewa picha ya NTSC, aghalabu huona mwanga na kivuli, lakini rangi huitafuta mahali isipokuwapo.

Kompyuta ile ndogo, usipoiambia neno, hudhani iko Marekani. Katika kadi yake mna faili ya maandishi iitwayo config.txt, na ndani yake mstari wa sdtv_mode. Sifuri ni NTSC; mbili ni PAL. Niliandika mbili. Mara hii sikubadili kitu kingine chochote. Na kwa kuwa mama alikuwa kanisani, nilijaribu kwa picha ya bendera ya Kenya: nyeusi ikawa nyeusi, nyekundu ikawa nyekundu, kijani ikawa kijani. Nilijiona mhandisi.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na alama moja ambayo niliidharau. Pembeni mwa skrini, juu, kilitokea mara kwa mara kimchoro cha radi, kisha kikatoweka. Mara nyingine kompyuta ilijizima na kujiwasha yenyewe. Nililaumu joto. Nililaumu sinema. Sikuilaumu chaja, kwa sababu chaja ilikuwa yangu, ya simu yangu ya zamani, na waya wake mrefu mwembamba ulinifikisha vizuri mpaka ukutani. Sasa najua kwamba kimchoro kile ni kilio: umeme umeshuka chini ya kiasi cha volti 4.63. Kompyuta ya namna ile hutaka volti 5.1 na chaja iwezayo kutoa ampea 2.5, yangu ilitoa moja. Wenyeji wa Mbotela hawana haja ya kufundishwa jambo hilo kwa vitabu. Mpira mwembamba ukivutwa kutoka bombani mpaka mlango wa mwisho, maji hufika matone.

Na lilikuwako kosa kubwa zaidi, ambalo naona haya kuliandika. Nilikuwa nimeihamisha sinema kutoka kwenye flashi, nikaitia katika kadi ya kompyuta, kisha nikafuta flashi ili nichukulie karatasi za mtihani wa kidato cha pili. Sauti ya baba sasa ilikuwa mahali pamoja tu duniani, juu ya kipande cha plastiki kisichotosha kufunika ukucha wa kidole gumba.

Jumamosi iliyofuata mama aliwaalika majirani. Walikuja kina mama watano na mzee mmoja aliyefanya kazi na baba. Chai ilimiminwa. Harusi ilianza, nyimbo zikaimbwa, watu wakatajana na kuchekana unene wa zamani. Radi ilionekana pembeni mara tatu. Tulikuwa tumekaribia mahali baba anaposimama, stima ikakatika mtaa mzima.

Iliporudi, baada ya nusu saa, skrini ilionyesha mistari michache ya maandishi meupe, ikanyamaza. Nilizima na kuwasha mara nne. Mama aliwaambia wageni, "Tutaendelea siku nyingine," akawasindikiza hadi mlangoni. Alipokuwa akikusanya vikombe hakuniuliza neno, nami nilitamani aniulize.

Jumatatu niliichomeka kadi katika kompyuta ya shuleni, yenye Windows. Likatokea tangazo kwamba diski haiwezi kutumika mpaka iandaliwe upya, je, niiandae? Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda swali lenye jibu moja.

"Mwalimu, usikubali," ilisema sauti nyuma yangu. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, mmoja wa wale ambao majina yao huandikwa mara nyingi katika daftari la wachelewaji. Alinieleza, kwa adabu na kwa haraka, kwamba kadi ile ina vyumba viwili. Katika cha kwanza hukaa programu za kuwashia, na Windows hukisoma. Katika cha pili hukaa mali ya mwenyewe, nacho kimepangwa kwa mtindo wa Linux. "Kompyuta haikusema kadi ni tupu," akasema. "Imesema haiwezi kuisoma. Ungekubali, ingepanga upya chumba chote."

Sijui ni mara ngapi nimemwandikia mtoto sufuri kwa sababu sikuweza kusoma mwandiko wake.

Alileta kompyuta ya nduguye yenye Ubuntu. Tuliifungua kadi kwa kusoma tu, bila ya kuiandika, maana katika kadi iliyoumia kuandika ndiko kunakoangamiza. Chumba cha kwanza kilikuwa kimevurugika. Cha pili kilifunguka, na sinema ilikuwamo, nzima. Kabla ya kuitazama tuliinakili mara tatu: flashi moja kwa dada, moja kwangu, na moja katika kabati la mama, ndani ya bati la biskuti lenye vyeti vya ubatizo. Kisha nilinunua chaja ya kweli na kadi mpya, na betri ndogo ya kushikilia umeme stima ikikatika, hata nipate kuzima kwa utaratibu. Jina la mwanafunzi yule lingali katika daftari la wachelewaji. Naliandika mimi mwenyewe.

Jumapili tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Radi haikuonekana. Baba alisimama, akashika kipaza sauti mbali mno na mdomo, akakohoa. Hakusema maneno makubwa. Alimwambia dada kwamba nyumbani ni nyumbani, na kwamba wageni wa mbali wasichelewe basi, kisha akatafuta kitu kingine cha kusema, asikipate, akaketi. Yote hayakuzidi dakika mbili. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha kochi kwa mikono yote miwili.

"Tai si ya kijani," akasema hatimaye.

Kweli, ilikuwa ya buluu, buluu isiyo na shaka. Nilisema, "Mama, pengine umesahau."

"Sijasahau. Mashine yako ina kosa."

Nilimwonyesha bendera. Nilimwonyesha nyasi za uwanja wa kanisa na majani ya mgomba nyuma ya hema, yote kijani kama alivyoyaumba Mungu. Alitazama kimoja baada ya kimoja kwa makini, akitikisa kichwa.

"Bendera ni sawa," akasema. "Mgomba ni sawa. Ni tai tu. Hebu rudisha nyuma niione tena."